Mashine ya Miwa ya Mama Munira

Kila Jumamosi asubuhi Munira, msichana wa darasa la sita, humenya miwa. Huketi mbele ya kibanda cha mama yake huko Kimara, kisu mkononi, maganda yakimrundikania miguuni. Mama yake, Mwamvita, huipitisha miwa kwenye mashine pamoja na tangawizi na ndimu, juisi ikashuka kwenye jagi. Mashine hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba na kununua sare za shule. Bila hiyo wangekula nini?

Jumamosi hiyo, jagi la kwanza halijajaa, kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kikasimama mbele ya kibanda. Wakashuka vijana wawili wenye kamba, na nyuma yao kaka mmoja aliyechomekea shati. Munira alipomwona, aliacha kumenya. Alimfahamu.

"Habari za asubuhi, mama. Naitwa Stanley, natoka kampuni ya mikopo," alisema kwa upole. "Mumeo Marijani amekopa kwetu na simu hapokei. Tumekuja kuchukua mashine."

"Mie na Marijani tumetengana tangu mwaka juzi," Mwamvita akajibu. "Yuko Tandika na maisha yake. Mkopo wake siujui wala sikuutia sahihi. Mashine ni yangu, niliinunua kwa pesa za upatu."

Stanley akatikisa kichwa. "Mama, kila mdaiwa ana mke anayedai wametengana. Juzi nilikuja, hukuwepo. Mwanao huyu akaniambia baba yake anaishi hapa, amesafiri tu, na mashine ni yake."

Mwamvita akageuka taratibu. "Munira, ulisema hivyo?"

Munira akainama. Alisema, tena akatia na chumvi. Siku ile alikuwa na rafiki yake Jovina, na darasa zima liliamini kwamba baba yake anaendesha malori ya Zambia, kwa sababu Munira mwenyewe ndiye aliyewaambia. Angewezaje kusema mbele ya Jovina kwamba baba alibeba nguo zake akaondoka, na hajarudi? Na leo, kwa balaa lake, Jovina alikuwa amesimama palepale na chupa, akisubiri juisi ya nyumbani kwao.

Vijana wakaanza kuifunga mashine kamba. Majirani wakakusanyika, na mmoja akakimbia kumwita mjumbe wa shina, Mama Bernadeta, aliyefika na unga wa ngano bado viganjani.

"Acheni hiyo kamba kwanza," alisema. "Kijana, una amri ya mahakama?"

"Mjumbe, mtoto mwenyewe ameshasema mali ni ya baba yake."

"Mtoto yuko hapa. Tumsikie."

Watu wote walimtazama Munira. Njia ya mwongo ni fupi, nayo yake iliishia hapo kibandani.

"Nilidanganya," alisema. "Baba hajasafiri. Alituacha, nikawa naona haya kusema. Mashine ni ya mama. Mama aliinunua wakati baba ameshaondoka."

"Ni kweli," akasema Salma, jirani muuza maandazi na mtunza pesa wa upatu wao. "Pesa za upatu nilimkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama Bernadeta akamgeukia Stanley. "Umesikia. Mke halipi mkopo wa mumewe kwa sababu tu waliwahi kulala nyumba moja. Aliyekopa ndiye anayedaiwa. Mfuateni huko aliko, au nendeni mahakamani. Hapa hakitoki hata kijiko."

Stanley akanywea. Akaamuru kamba ifunguliwe, akamwomba Mwamvita radhi, na kirikuu kikaondoka kitupu.

Jovina akasogea. "Kwa hiyo malori ya Zambia?"

"Hakuna malori," Munira akasema, machozi yakimtoka.

Jovina akamnyooshea chupa. "Haya, menya miwa. Mama anasubiri juisi."

Mama Bernadeta akacheka, kisha akamshika Munira bega. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Wazazi kutengana si aibu yako, mjukuu wangu. Usiibebe."

Mwamvita alikuwa akiipangusa mashine. Mwishowe akamwita mwanawe karibu.

"Deni la baba yako si langu, na sheria inajua hivyo," alisema. "Lakini neno lako wewe ni langu, Munira. Ukisema uongo, mie ndiye ninayelipa."