Vasselin Aliposahau Maneno

— Unayo ya ziada, au unamngoja mwenzio?

Ghislaine aliuliza bila kumtazama mtu usoni. Tangu jioni iingie alikuwa amesimama nje ya ukumbi wa muziki mjini Lille, Ufaransa, manyunyu yakimlowesha, ameshika kipande cha boksi alichoandika kwa wino mzito: NATAFUTA TIKETI MOJA. Alimuuliza kila aliyepita hivyo hivyo, na kila mmoja alitikisa kichwa. Huyu akasimama. Akainua macho. Salaale! Alikuwa Firmin, mume wake, ambaye kesho yake asubuhi alikuwa na miadi naye kwa wakili kusaini talaka.

Firmin alivaa lile koti lake la harusi na mazishi. Mkononi alikuwa na tiketi mbili.

Hapa tuelewane mapema. Firmin hakuwa mlevi, hakuwa na michepuko, na mkono hajawahi kumwinulia mkewe. Kosa lake lilikuwa moja tu: mdomo wa mapenzi hana. Anarudi kutoka kwenye kazi yake ya ufundi bomba, anakunywa supu, anasema "nzuri", analala. Miaka thelathini ya ndoa, neno nakupenda halijawahi kumtoka. Ila kila mwimbaji Honoré Vasselin alipokuja Lille kuimba, Firmin aliweka tiketi mbili chini ya sahani ya mkewe, akaendelea kutafuna mkate kana kwamba si yeye. Na Vasselin huyo usimfanyie mchezo. Akianza kuimba, wake za watu wanatafuta mikono ya waume zao gizani.

Mwaka jana Ghislaine alichoka, akahamia kwa dada yake Josiane. Mlangoni alimwachia mumewe maneno haya:

— Firmin, miaka yote unamlipa mzee wa watu aje aniambie kwa niaba yako. Mimi sikuolewa na Vasselin.

Firmin akamshikia mlango.

Sasa Vasselin alikuwa na miaka themanini na minne, na hili ndilo lilikuwa onyesho lake la kuaga.

— Hiyo ya pili ya nani? Ghislaine aliuliza.

— Nilinunua mbili.

— Nakuuliza ya nani.

— Mbili, kama siku zote.

Akamsogezea moja. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Ghislaine. Josiane alikuwa ameandika: "Umepata?" Akajibu: "Nimepata. Usiulize kwa nani." Jibu likaja hapo hapo: "USINIAMBIE NI FIRMIN. Kesho saa nne, dada, usinitie aibu kwa wakili."

Ndani, taa zilipozimwa, hata waliokuwa wakikohoa waliacha. Mzee akatoka polepole, mkono mmoja ukipapasa ukingo wa piano. Sauti yenyewe ilikuwa imechakaa, inakwaruza, lakini ilipotoka Ghislaine alisisimka mwili mzima. Mtu mmoja mkongwe, piano moja, na ukumbi mzima umeduwaa kama watoto mbele ya moto. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Alijiuliza binadamu anapata wapi nguvu ya namna hii, ilhali hata kusimama kwenyewe ni kazi.

Ukafika wimbo wa taa ya jikoni, ule alioupenda Ghislaine kuliko zote. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili, Vasselin akafungua mdomo, akanyamaza. Mpiga piano akazunguka, akamrudishia mwanzo. Mzee akagusa paji la uso, akatabasamu kwa unyonge. Maneno yalikuwa yamemtoka kabisa.

Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kwa Vasselin watazamaji hawaimbi; ukiguna tu, wa nyuma anakugonga bega. Watu elfu mbili walibana pumzi, na Ghislaine alitamani ardhi impasukie kwa niaba ya yule mzee.

Ndipo sauti ikatoka pembeni yake. Nzito, imepinda, haina ufundi wowote:

— Nilipokosa la kusema, nikakuwashia taa...

Alikuwa Firmin. Amesimama, kofia kifuani, yeye ambaye hata kanisani siku ya harusi yao alikuwa anachezesha midomo tu. Mtu akasema shii. Vasselin akainua mkono.

— Mwacheni. Endelea, bwana.

Firmin akaendelea, na hakuwa anatazama jukwaani. Alikuwa anamtazama mkewe. Ubeti ulipokwisha ukumbi wote ukaupokea wimbo kwa sauti ya chini, na mzee akawa anawaongoza kwa kidole kimoja, machozi yanamtiririka. Mwisho akasogelea maikrofoni.

— Ahsante, bwana. Naona sasa unaweza mwenyewe. Mimi naruhusiwa kwenda kupumzika.

Nje, kwenye kigari cha chipsi, walisimama na mfuko mmoja kati yao. Ghislaine alimuuliza maneno yote yale aliyajulia wapi. Firmin akasema tangu mkewe aondoke, kila jioni anapiga santuri ya Vasselin, kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza mno.

— Wewe? Nyumba kunyamaza kunakusumbua wewe?

— Wewe ndiye uliyekuwa unaongea.

Ghislaine karibu acheke, akajizuia.

— Hayo uliyoimba bado ni ya Vasselin. Ya kwako yako wapi?

Firmin akatazama chipsi. Akatazama mvua. Jasho likamtoka na baridi yote ile.

— Nakupenda, Ghislaine. Nilikuwa naogopa nikisema vibaya utanicheka.

Ghislaine akacheka kweli, huku analia, akamshika kola ya lile koti.

— Umesema vibaya. Sema tena.

Asubuhi, saa nne na robo, simu iliita jikoni kwa Firmin. Wakili alitaka kujua mbona hawajafika, karatasi ziko mezani, kila mtu anawangoja. Ghislaine alinyoosha mkono apokee yeye, kama kawaida ya nyumba hiyo. Firmin akamtangulia.

— Samahani, bwana wakili, hatuji, alisema. Bado tunaongea.