Tulipu Sita

Tarehe nane Machi, siku ya wanawake, mjini Plovdiv, mwanaume akionekana barabarani bila ua mkononi, wanawake humtazama kama aliyetoka nyumbani bila suruali. Siku hiyo soko la maua lilijaa wanaume waliokumbuka dakika ya mwisho. Katikati yao alisimama Yavor, fundi wa lifti, na koti lake la bluu lenye madoa ya grisi.

"Nifungie tulipu sita," alimwambia muuzaji.

Zornitsa alikuwa kando yake, koti jekundu la sufu, skafu ya manjano, mdomo usiojua kukaa kimya. "Kaka, maua sita hupelekewa maiti. Mwanamke aliye hai anapewa tano au saba. Mkeo atakufukuza."

"Sina mke. Ni za mama," Yavor alisema. "Na ni sita kweli."

Muuzaji akainamisha macho. Zornitsa alitamani ardhi immeze. Akamfuata Yavor njia nzima akimwomba radhi, hadi wakafika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu karibu na shule ya muziki. Hapo ndipo Stanka, mama yake Yavor, mwalimu mstaafu wa piano, aligongwa na gari akafa, asubuhi moja ya Januari ya mwaka ule. Dereva hakujulikana.

Kwenye nguzo ya taa ilibandikwa karatasi yenye sura ya Stanka. Zornitsa aliitambua mara moja, kwa sababu alifanya kazi kwenye duka la kuchapa, na karatasi ile aliipanga mwenyewe. Kwetu mtu akifa, sura yake hubandikwa mlangoni, kituoni, kwenye nguzo, kisha hurudiwa siku ya arobaini, miezi mitatu, nusu mwaka, mwaka. Haibanduliwi na mtu. Huachwa imalizwe na mvua.

Ilipofika miezi mitatu, Yavor alikuja dukani kuchapisha nyingine, akakaa saa nzima kwa ajili ya koma moja. Hakuna koma inayochukua saa nzima. Bosi alielewa, akaenda zake kunywa kahawa.

Basi mapenzi yakaanza, na yalianzia kwenye upweke. Yavor alirudi kila jioni kwenye nyumba yenye piano isiyopigwa. Zornitsa alikuwa na kaka mmoja tu duniani, Plamen, dereva wa gari la mkate. Mama yao alipofariki, Zornitsa alikuwa na miaka tisa na Plamen kumi na tisa. Plamen aliacha masomo, akajifunza kusuka nywele, akamlea. Alimsuka upande upande, lakini alimsuka.

Mchana Yavor alikuwa akipiga simu kutoka juu ya lifti.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula. Huo ni wa kushikia chakula."

"Usinisumbue, wewe mtu wa kupanda na kushuka."

Jambo moja lilimkera Yavor. Karatasi ya mama yake pale kivukoni ilikuwa ikibanduliwa. Alibandika, wiki mbili haipo. Zornitsa alichapa nyingine, nayo ikatoweka. Mara saba. Zornitsa aliulaani mkono uliofanya hivyo, akasema ukauke. Nasikia mpaka leo hajajisamehe kwa laana ile.

Septemba, Plamen alileta gunia la pilipili hoho nyekundu, wazichome barazani na kuzifungia kwenye chupa za kula majira ya baridi, kama kila mwaka. Moshi wake mtamu ulishika ghorofa nzima. Alimtuma dada yake chini kwenye gari akalete chupa tupu. Nyuma ya kiti, ndani ya mfuko wa mkate, Zornitsa alikuta karatasi saba zimenyooshwa vizuri, gundi ikiwa bado kwenye pembe. Stanka alimtabasamia mara saba.

Alipanda ngazi bila chupa, akaziweka mezani. Plamen akaziona, akazima jiko.

"Kuzitupa jalalani nilishindwa," alisema. "Ni sura ya mtu."

"Kwa nini ulizibandua?"

"Napita pale na mkate kila asubuhi, Zori. Ananitazama."

Kisha akaeleza yote, akiwa amekaa juu ya gunia. Asubuhi ile kulikuwa na barafu, kioo kikaingia ukungu, akainama kuchukua kitambaa. Akasikia kishindo. Alisimama hatua hamsini mbele, akaona kwenye kioo cha pembeni watu wanamkimbilia mwanamke, akajiambia ameshapata msaada. Akaendelea kugawa mkate. Bampa aliinyoosha mwenyewe.

"Na Yavor? Ulijua ni mwanawe?"

"Nilijua Pasaka, ulipomleta kula. Tuligonganisha mayai ya Pasaka kama desturi, langu likapasuka, akacheka. Nikaaga mapema."

Zornitsa alikaa sakafuni. Alimpenda kaka yake, na hapo hapo alimwona mwanamke amelala kwenye barafu.

"Nenda polisi, kaka."

"Nikienda ndani, wewe utabaki na nani?"

Zornitsa akazikusanya mezani. Siku kumi na moja alizibeba zile karatasi kwenye mkoba. Simu za Yavor hakupokea, akiogopa sauti yake itamsaliti. Siku ya tisa alipokea kwa bahati mbaya.

"Kama kuna mwingine, niambie tu," Yavor alisema. "Mimi si mtoto."

Zornitsa alinyamaza, na Yavor akachukua ule ukimya kuwa jibu. Zornitsa aliona afadhali hivyo. Mwanaume akidhani ameachwa hupona, alifikiri. Akalia hadi skafu ikalowa.

Siku ya kumi na moja Yavor aliingia dukani na uso wa mteja wa kawaida. Akaomba karatasi ya nane. Hakumtazama. Mashine ikaanza kutoa sura ya Stanka, polepole, paji la uso, macho, na Zornitsa akajua hawezi kumpa mtu huyu karatasi hii tena huku anazo saba mkobani.

"Hii haitabanduliwa," alimwambia. "Naomba nikupigie leo alasiri." Akatoka bila koti.

Kutoka kwenye ngazi za kituo cha polisi alimpigia kaka yake. Alimwambia yuko wapi, na kwamba akija kukiri mwenyewe itamsaidia.

"Nilikusuka nywele, Zori," Plamen alisema.

"Najua."

"Basi hujui kitu." Akakata.

Alimsubiri saa nzima kwenye ngazi. Kila gari jeupe kama la kaka yake lilipokata kona alisimama. Hakuja. Akaingia peke yake.

Alasiri alimpigia Yavor, akasema yote bila kupumzika. Upande wa pili kulikuwa na mlio wa lifti tu.

"Umejua tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

"Siku kumi na moja," Yavor alirudia, akakata simu.

Plamen alihukumiwa miaka minne. Zornitsa alikwenda kumwona mara tano, na mara tano mlinzi alimrudisha: ndugu yako hataki. Majira ya baridi alikula zile pilipili peke yake, chupa baada ya chupa, chumba kizima kikinuka Septemba. Simu yake ilikaa kimya mpaka akawa anaichaji kwa mazoea tu.

Nane Machi ilirudi. Zornitsa alinunua tulipu sita, akaenda kivukoni. Karatasi ya mwaka mmoja ilikuwa kwenye nguzo, nzima, imechapwa duka jingine. Aliweka maua yake, akageuka, akamkuta Yavor nyuma yake, koti lile lile la grisi.

Hawakusalimiana. Yavor aliinama, akaweka maua yake moja moja, akiyahesabu kwa sauti hadi sita. Mkononi likabaki moja.

"Muuzaji amekosea," Zornitsa alisema, kwa kukosa la kusema.

"Hajakosea. Nilimwambia saba."

Akamwekea lile la saba kiganjani.

"Kukaa na wewe meza moja bado siwezi, Zori. Nikikuona namwona kaka yako, na yai lile la Pasaka."

"Sawa."

"Ila umekula?"

"Nimekula mkate," Zornitsa alisema.

Yavor alitikisa kichwa, akavuka barabara taratibu. Zornitsa alibaki chini ya nguzo na ua lake moja, akalifungia ndani ya koti jekundu lisipigwe na baridi hadi afike nyumbani.