Mguu Uliosingiziwa Wizi

Kwaru... kwaru... kwaru.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Tulikuwa vijana sita hapa Lupiro, tunapiga mpunga juu ya turubai, jua la asubuhi bado changa na utani umekolea. Sauti ilitoka nyuma ya matita ya mpunga, kandambili moja ikikwaruza ardhi kama jembe butu. Kisha akatokeza Theodosia, mke wa jirani yetu Wendelin, na mzigo kichwani. Mimi nilizoea kumwita shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Mguu vipi?"

"Marahaba. Ni mgongo, mwanangu. Unaniuma tangu tulipopandikiza, na nikilala ndipo unazidi. Sasa na mguu nao umelala kabla yangu!"

Tukacheka. Akakaa karibu na jiko la uji, akavua kandambili, akanyoosha mguu. Mara nikasikia harufu ya ngozi inayoungua. Kaa la moto lilikuwa limegandamana na unyayo wake, naye anaendelea kutusimulia habari za ndege waharibifu. Ndugu zangu, mtu aungue bila kujua! Tulitaka dalili gani zaidi?

Lakini jibu tulikuwa nalo tayari. Msimu ule wezi walivuna mashamba ya watu, na Dionisi, aliyepakana na Wendelin, alitangaza kilabuni kwamba shamba lake ameliwekea zindiko. "Mwizi akikanyaga humu, atavuta mguu mpaka kaburini," alisema. Kwenye mti wa mpakani alining'iniza kitambaa chekundu na chupa yenye kitu cheusi. Basi mwanamke wa jirani akivuta mguu, kijiji kitafute ushahidi gani tena?

Na mimi, ninayejua kupanga vina bila kufundishwa na mtu, nilivipanga siku ileile:

*Mguu unaburuta, zindiko limekamata,*
*Mpunga aliokata, sasa nao wamkata.*

Uwanja mzima uliitikia. Jumapili wimbo huo waliuimba hata waliotoka kanisani. Tungo zangu nyingi naziringia. Huo nimeukana, ila wenyewe haujanikana.

Theodosia akaacha kutoka nje. Siku moja nilipita kando ya ua wao, nikamsikia Wendelin:

"Nikupakie bodaboda mchana kweupe, wakuone unavyoburuta? Watasema mwizi anapelekwa kutibiwa."

"Baba Levina, sijaiba hata suke moja."

"Mimi najua. Wao je?"

Kwa hiyo badala ya kwenda hospitali, Wendelin alikwenda kwa Dionisi kumwomba alitegue zindiko. Mara tatu alikwenda, na mara tatu akajibiwa, "Nitaangalia." Mganga akaitwa, akamchanja mama wa watu chale mgongoni. Mguu wa pili ukafuata wa kwanza. Mwezi ulipokwisha, alishinda kutwa nzima akishindwa kupata haja ndogo, tumbo limejaa kama ngoma.

Ndipo Wendelin alipokuja uwanjani na panga.

"Dionisi! Tegua sasa hivi, au leo tuzikwe wote."

Dionisi akaangusha ungo. "Sina cha kutegua, ndugu yangu. Kile ni kitambaa cha mto. Na chupa ni ya soda, nimetia oili chafu. Nilitaka kutisha wezi tu."

"Mara tatu nimekuja kwako! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangerudi kuiba."

Panga lilianguka lenyewe.

Tulimbeba Theodosia, tukavuka naye daraja hadi Ifakara, na kutoka huko akapelekwa Dar es Salaam kupigwa picha kubwa ya mgongo. Ilikuwa saratani. Uvimbe ulikuwa umeota ndani ya uti wa mgongo, ukabana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Walimpasua, wakamchoma mionzi. Daktari akamwuliza Wendelin, "Alianza kuburuta mguu lini?"

"Wakati wa mavuno."

Daktari akaweka kalamu chini. "Siwezi kusema tungemponya. Lakini mgonjwa akituletea miguu inayotembea, mara nyingi tunaweza kuipigania. Hii mmeileta imeshakufa."

Funzo

Ewe msomaji, uwe wa Lupiro au wa Masagati, sikia. Mgongo unaouma zaidi ukilala, mguu unaolegea, unyayo usiosikia moto, haja inayogoma kutoka: huo si wizi wala si uchawi. Huenda ni ugonjwa, na ugonjwa hausubiri aibu yako iishe. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na wewe mwenye ulimi mtamu, jua kwamba wimbo unaweza kumfungia mtu ndani kuliko kufuli.

Mavuno yaliyofuata, Theodosia aliletwa uwanjani kwenye kiti cha magurudumu. Amekonda, na madaktari hawajasema kama saratani imekwisha. Aliniita mbele ya wote.

"Mtunzi, wimbo wangu umeumaliza?"

Nikapiga goti kwenye makapi, nikasema kwa sauti waliyoisikia mpaka barabarani:

"Shangazi, nakuahidi mbele ya hawa. Nikisikia tena kandambili ikiburuta katika kijiji hiki, sitatunga neno. Nitawasha pikipiki."