Msimwamshe Kabla Sijampa Jina

Simu ililia mara moja, ikakatika, ikalia tena.

"Fundi wa friji yupo?" Sauti ilikuwa ya Mkuu wa idara, kwa mafumbo waliyokubaliana.

"Yupo, ila hana gesi."

"Aje hivyohivyo. Saa nne."

Jasusi aliyeitwa Pacha na idara nzima alirudisha simu mfukoni, akajikuna ndevu. Alizifuga miezi minane kwa ajili ya asubuhi hii moja, na zilimwasha kila siku ya miezi hiyo. Jina lake la kazi nalo alikuwa amelichoka. Ukishafiwa na mwenzako, wewe ni pacha wa nani?

Saa nne kamili aliteremka kutoka kwenye Toyota Hiace nyeupe, begi la vifaa mkononi. Bastola yake, Beretta, ilikuwa chini ya bisibisi. Fundi halisi wa kompyuta, aliyeitwa na wenye jengo kubadilisha diski iliyoanza kuchakaa, alikuwa kituo cha polisi akinyweshwa chai na kuulizwa maswali yasiyokwisha kuhusu leseni yake ya udereva.

Jengo lilikuwa la ghorofa mbili. Kibao kilisema wanasambaza vifaa vya hospitali. Walichosambaza ni chaki iliyopigwa muhuri wa kiwanda cha dawa, na watoto wa watu walikuwa wakiimeza wodini huku mama zao wakisema asante.

Mlinzi wa getini alimkazia macho.

"Bwana wewe, sura yako si ngeni."

"Ndiyo maneno ya kila mtu. Duniani wawili wawili, mzee."

Mlinzi akacheka, akampisha. Pacha hakucheka.

Mapokezini, mwanamke aliinua uso kutoka kwenye daftari la wageni. Kalamu ikamdondoka.

Alikuwa shemeji yake, mjane wa kaka yake pacha. Humo ndani hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuwa mke wa fundi wao wa seva, aliyeipelelezea idara hadi genge likamuua na kumtupa mtaroni. Alimzika mumewe Jumamosi, Jumatatu akarudi mezani kutabasamu, kwa sababu angeacha kazi wangejiuliza kwa nini. Alikubali kubaki ili kazi ya marehemu ikamilike. Leo kosa moja tu la Pacha lingempeleka kwenye mtaro uleule.

"Saini hapa," alisema. "Saa sita tunafunga kwa chakula. Usichelewe, fundi."

"Sichelewi, dada."

Saa sita ndiyo saa yenyewe. Kila siku wakati huo, seva kuu ya genge, iliyofichwa mahali ambapo idara haikupajua, iliyatumia matawi yake yote orodha ya malori na njia.

Chumba cha seva kilikuwa cha baridi na kelele za feni. Mashine ilikuwa na diski mbili pacha. Kilichoandikwa kwenye moja kiliandikwa papo hapo kwenye ya pili, na moja ikifa, nyingine hubeba mzigo peke yake. Kaka yake ndiye aliyemfundisha hayo. "Kama mimi na wewe," alikuwa akisema, "ila hizi hazigombani."

Pacha alichomoa moja. Taa ikageuka ya manjano. Akachomeka diski tupu, na mashine ikaanza kujinakili upya bila kumuuliza mtu kitu.

Ndipo alipoona kipande cha utepe.

Kilibandikwa upande wa ndani wa diski aliyoitoa, mahali ambapo huoni mpaka uichomoe. Mwandiko ule angeutambua hata gizani. *mdogowangu*, na chini yake tarakimu kumi na mbili.

Aliegemea ukuta.

Miezi minane nyuma, kaka yake alitorosha diski kama hii ndani ya chombo cha chakula, kisha akatuma ujumbe: "Msimwamshe mtoto kabla sijampa jina."

Pacha aliusoma, akacheka. Siku waliyozaliwa hakuna aliyetarajia watoto wawili. Wa kwanza alipewa jina lililokuwa tayari, wa pili akakaa siku tisa bila jina, na kwa miaka arobaini kaka yake hakuacha kumtania kwa hilo. Kwa hiyo alimwambia Mkuu, "Kaka anatania tu. Washa hiyo diski."

Wakawasha.

Nakala ikiamka hujidhani ndiyo yenyewe. Ilikuwa na kitambulisho kilekile cha mashine ya mle ndani, na ilipoingia mtandaoni, seva kuu iliona wawili wanadai kuwa mmoja. Ikapiga kengele. Mwenye ufunguo wa chumba cha seva alikuwa mtu mmoja tu: kaka yake.

Haukuwa utani. Ilikuwa amri, na yeye aliicheka.

Saa tano na dakika arobaini alikuwa ameshatoka na diski, ameketi ndani ya Hiace kwa nyuma. Mtaalamu wa idara, waliyemwita Miwani, alichomeka diski kwenye mashine nyingine, waya wa mtandao akiuweka mbali kama mtu anayeogopa nyoka.

"Kitambulisho cha mashine nabadilisha," alinong'ona. "Cha mtandao nabadilisha. Na cha hizi diski pacha zenyewe, hicho ndicho watu husahau. Tatizo, nikibuni kitambulisho kipya, seva kuu inaweza kukikataa. Ikikataa, kengele italia mezani kwa shemeji yako."

Pacha alimpa utepe. "Weka hiki."

"Hiki ni nini?"

"Jina la mtoto."

Redio ikakwaruza. Mkuu. "Pacha, una uhakika? Marehemu alikuwa mtu wa mzaha sana."

"Nina uhakika, Mkuu. Safari hii sicheki."

Miwani aliandika herufi moja moja. Akakagua mara tatu. Saa sita kasoro dakika mbili, akachomeka waya.

Kengele haikulia.

Pacha alilitazama jengo kupitia kioo cha gari. Shemeji yake alikuwa bado mezani, mgongo umenyooka.

Kioo cha kompyuta kikaandika: *Tawi mdogowangu limepokelewa. Lilisajiliwa siku 241 zilizopita. Lilikuwa linasubiriwa.*

Miwani alivua miwani yake, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Orodha ikaanza kumiminika.

"Malori manne," Pacha alisema redioni. "Geti la kusini, saa saba. Majina ya madereva ninayo. Majina ya mabosi pia."

"Tumepata. Vijana wanaingia."

Hakuna risasi iliyopigwa. Kufikia saa nane wakubwa wa genge walikuwa wamekaa sakafuni kwenye ofisi yao wenyewe, pingu mikononi, na mlinzi wa getini akiapa kwamba yeye sura ile aliitilia shaka tangu asubuhi.

Shemeji alitoka na mkoba wake. Alisimama kando ya Hiace.

"Pole na kazi, shemeji."

"Pole na wewe." Pacha akampa utepe. "Aliuacha kwa ajili yangu. Ulipaswa kuwa nao wewe."

Aliusoma, akausoma tena. "Ule ujumbe wake wa mwisho ulisemaje? Hamkuniambia kamwe."

Pacha alimwambia. Wote, pamoja na kicheko.

Mwanamke hakulia. Aliukunja utepe, akautia ndani ya mkoba.

"Nilijua kuna kitu. Tangu msibani hukuweza kunitazama." Alivuta pumzi. "Njoo Jumapili nyumbani, watoto wanakuuliza."

"Nitakuja. Nitakuwa nimenyoa hizi takataka."

"Hapana." Alisema haraka, macho chini. "Usizinyoe, shemeji. Ule uso bado siuwezi."

Pacha aliitikia kwa kichwa. Alitupa begi begani, akavuka barabara polepole kama fundi aliyemaliza kazi ya siku, ndevu zikimwasha, na hakuzigusa.