Kikohozi cha Jumatano

Asubuhi ya Jumatano Rikke alikuwa jikoni. Alikuwa akimfungia binti yake chakula cha shule: mkate mweusi, ini la kusaga na vipande vya tango. Alberte, mwenye miaka saba, alikuwa akivaa viatu.

"Mama, leo ni zamu ya kwenda kwa Luwam," alisema. "Nimwambie mwalimu naumwa kichwa au tumbo?"

Kisu kikasimama mkononi mwa Rikke.

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi. Lakini zamu ya Luwam huwa tunaumwa."

Darasa la kwanza lilikuwa na makundi ya kucheza. Kundi la Alberte lilikuwa na watoto wanne: yeye, Ida, Malthe na Luwam, ambaye wazazi wake walitoka Eritrea. Mara moja kwa mwezi, baada ya shule, wote walikwenda kucheza nyumbani kwa mmoja wao. Zamu ya Luwam ilikuwa imefika mara mbili. Mara zote mbili Rikke alisema mtoto ana kikohozi. Mama Ida na mama Malthe nao walikuwa na sababu zao.

"Lakini mkate wao mtamu," Alberte aliendelea. "Luwam aliuleta shuleni kesho yake. Mkubwa kama sinia! Tukaumaliza."

"Kwa nini aliuleta shuleni?"

"Kwa sababu nyumbani hakwenda mtu."

Rikke alimpeleka mtoto shule kwa baiskeli. Wakati wa kurudi, mnyororo ukachomoka mbele ya nyumba ya jirani, Bibi Solvej, aliyefundisha chekechea miaka thelathini. Bibi alitoka na kitambaa hata kabla hajaitwa, akainama kuurudisha.

"Uso huo si wa mnyororo," alisema. "Kuna nini?"

Rikke alimweleza yote. "Bibi, sielewi. Sijamfundisha mtoto ubaguzi hata siku moja. Nyumbani kwangu rangi ya mtu haitajwi kabisa!"

"Haitajwi, lakini mtoto ana macho. Anaona Luwam ni mweusi, na nyinyi ni weupe. Anaona pia kwamba hamwendi kwake. Usipomwambia kitu, anaunganisha mwenyewe."

"Lakini wanakaa mbali. Ghorofa ya nne, hakuna lifti."

"Kwa Malthe kuna lifti?"

Rikke alifikiri. "Hakuna. Ghorofa ya tano."

"Na huko mlikwenda?"

"Tulikwenda. Na mbwa wao ananuka, Bibi, we acha tu!"

Wote wawili walicheka. Rikke alijijua kuwa mtu mwema. Sasa kikohozi kilikuwa kimetoka wapi?

"Niliogopa," alisema polepole. "Sijui hata niliogopa nini. Siwajui tu."

"Basi mwambie mtoto hivyohivyo. Mwambie uliogopa watu usiowajua, na ulikosea. Akiuliza habari za rangi, usimnyamazishe, mjibu. Kwa mama Luwam, omba radhi kwa maneno machache. Usiende kumlilia ili akubembeleze wewe." Bibi alifuta mikono. "Mwana hutazama kisogo cha nina, Rikke. Miguu yako ikienda, naye atakwenda."

Mchana Rikke alimweleza Alberte ukweli. Mtoto alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo leo sina ugonjwa?"

"Leo huna."

Rikke alimpigia mama Ida, naye akakubali kumleta mtoto wake. Mama Malthe alisema mwanawe anakohoa.

Walipanda ghorofa nne. Mlango ulifunguliwa na Tsege, mama yake Luwam. Nyuma yake harufu ya iliki na mkate wa moto ilijaa nyumba. Safari ya tatu, na bado alikuwa ameoka.

"Mara mbili sikumleta mtoto," Rikke alisema. "Hakuwa na kikohozi. Nilidanganya. Nisamehe."

Tsege aliufungua mlango wote.

"Nilijua," alisema. "Kikohozi cha Jumatano hupona Alhamisi." Akasogea pembeni. "Ingieni, mkate unapoa."

Watoto walikuwa wameshaketi chini. Alberte aliushika mkono wa Luwam. "Kwa nini ngozi yako nyeusi?"

Rikke alitaka kusema "Shii!" Akajizuia.

"Nimezaliwa nayo, kama mama," Luwam alijibu. "Na wewe, mbona pua yako ina madoadoa?"

"Ya baba haya!"

Wakacheka, wakaendelea kujenga nyumba yao ya vitalu. Rikke aliinua kikombe cha chai. Bado hakujua azungumze nini na Tsege, akauliza habari za mkate. Tsege alimkatia kipande kikubwa cha pili bila kuombwa.

Alhamisi asubuhi, mlangoni mwa darasa, Malthe alimkimbilia Luwam. Alichungulia mkoba wake.

"Mkate uko wapi leo?"

"Umeisha," Alberte alidakia. "Tuliumaliza kwao. Si ungekuja!"

Malthe alimgeukia mama yake. "Mama, mimi nilikuwa naumwa nini jana?"