Mchumba wa Ng'ambo ya Kijito

Jumamosi, tarehe 14 Julai 1956. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya Susuni, kijiji cha Wakurya kaskazini mwa Tanganyika, kama blanketi zito, na baridi iling'ata vidole.

— Efrazia! Vuka uje uone nyumba yako!

— Sivuki.

— Maji yenyewe hayafiki magotini!

— Nimekwambia naogopa maji, Joram? Namwogopa baba.

Joram mwana wa Machage alisimama upande wa pili wa kijito cha Nyasoko, mikono ya shati ameikunja, penseli ya useremala imechomekwa nyuma ya sikio. Nyuma yake, kwenye mteremko, ilisimama nyumba mpya ya udongo yenye paa la bati, na bati katika vilima vile lilikuwa jambo la watu kutembea kwenda kulitazama. Aliijenga baada ya Pasaka. Siku aliyoingia ndani alisimama mlangoni akawatangazia majirani wote kwamba kuanzia leo yeye ni mtu wa Kenya.

Efrazia alibaki upande wake, miguu ndani ya maji, kikapu cha nguo kando. Shangazi yake, Waisiko, alikuwa akifua hapo karibu na kujifanya hasikii.

— Umeliona bati?

— Nimeliona. Linaniumiza macho.

— Ukizaa watoto humo hawatanyeshewa hata tone moja.

— Watoto! Waisiko akadakia. Posa haijajibiwa, yeye amefika kwa watoto!

Joram alikuwa kijana mzuri, fundi wa kweli, na mtu wa sala. Ila alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, akarudi na msumeno mpya na ugonjwa mmoja: kupima nchi. Ukikaa naye chini, utasimuliwa nchi. Uganda ilimvutia kwa barabara zake, lakini akasema tumbo la Mkurya haliwezi kushinda na ndizi mwaka mzima. Kongo ilikuwa mbali. Nyasaland hata yeye hakujua iko upande gani, lakini alisikia maisha yake ni nafuu. Mwishowe akachagua Kenya, kwa sababu ya mabasi, kwa sababu ya mikate madukani, na zaidi ya yote kwa sababu ya kodi.

— Huko kwenu, akasema sasa kwa sauti ya kuvuka maji, mtu anatozwa kodi ya kichwa kama vile kichwa chake alikinunua dukani!

— Na Kenya hawatozi?

— Wanatoza. Lakini kwa adabu.

— Kodi ya adabu! Waisiko akaacha kufua kabisa. Ee Mungu, niache niishi mpaka niione.

Efrazia alicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni. Saa tisa ya siku hiyo wazee wangekaa nyumbani kwao kujibu posa ya Joram, na jibu la baba yake, Mzee Nyangwine, lilijulikana hata na mbuzi. Dada yake mkubwa, Boke, aliolewa mbali huko Kenya. Tangu aolewe alirudi mara moja tu, kumzika mama yao, na hata hapo alifika udongo umekwisha kurudishwa. Nyangwine alisimama juu ya kaburi bichi akasema mbele ya watu: "Binti wangu mwingine havuki mpaka. Akivuka, avuke bila baraka yangu."

Efrazia alimtaka Joram. Na bila baraka ya baba hakuweza kuishi. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda akasema sala ile ile fupi: "Bwana, sikuombi nchi. Nipe Joram, na usininyang'anye baba."

— Rudi huku, akamwambia Joram. Jenga upande wetu. Leo baba atasema ndiyo.

— Nirudi watu wanicheke? Nimeshasema mimi ni mtu wa Kenya!

— Nani atakucheka?

— Mimi, akasema Waisiko.

Kabla Joram hajajibu, kengele ya baiskeli ililia kwenye njia. Alikuwa karani wa kodi, Ogweno, Mjaluo wa Shirati, mtu mnene mwenye heshima nyingi na pumzi chache.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Leo unamwinda nani?

— Kijana mmoja fundi, amehama bila kuaga.

Joram alikunja mikono kifuani, amefurahi kama mtu aliyeingojea siku hiyo.

— Karani, umechelewa! Ukivuka maji hayo wewe ni mgeni wangu. Karibu Kenya!

Ogweno alivua viatu, akajitwika baiskeli begani, akavuka polepole, akaiegemeza kwenye mti, akavaa viatu tena.

— Asante kwa kunikaribisha. Kodi iko wapi?

— Hujanisikia? Hapa ni Kenya.

— Nani amekwambia?

— Kila mtu! Kijito ndicho mpaka!

— Mpaka wa nani?

Kwa Wakurya, mito ndiyo hugawa koo. Huku ukoo huu, kule ukoo ule. Ng'ombe wakiibwa hufuatwa mpaka mtoni, na mtoto hujua hilo kabla hajajua jina la bibi yake. Hakuna mtu Susuni, hata Nyangwine mwenyewe, aliyewahi kujiuliza kama Wazungu nao waliwaza hivyo.

— Omera, ndugu yangu, akasema Ogweno kwa upole, Mzungu hakuuliza mito. Alipiga mstari mmoja kutoka ziwani hadi Kilimanjaro, ukapita juu ya vilima, juu ya mashamba, pengine juu ya vitanda vya watu. Wewe ni seremala. Ukipasua ubao unafuata fundo la mti, au unafuata uzi?

— Uzi, akasema Joram, kwa sauti ndogo.

— Basi njoo nikuonyeshe uzi.

Waisiko alitupa nguo mbichi ndani ya kikapu.

— Efrazia, twende!

— Shangazi, baba amekataza...

— Amekataza uvuke mpaka. Twende tukaone kama tunavuka!

Wanawake wakavuka kijito, na wote wanne wakapanda mteremko, wakaipita nyumba ya bati, wakalipita shamba changa la muhogo, mpaka karibu na kilele. Hapo kwenye nyasi kulikuwa na kisiki cha saruji, chokaa yake imebanduka. Juu yake kulianikwa shati.

— Hili ndilo jiwe la mpaka, akasema Ogweno. Chini yake, Tanganyika. Juu yake, Kenya.

— Hili? Hili mimi naanikia mashati!

— Naona. Umeanika shati kwenye mabega ya serikali mbili.

Waisiko aliketi chini kwa kicheko. "Mtu wa Kenya!" alisema, akapiga nyasi kwa viganja. "Mtu wa Kenya, jamani!" Efrazia naye akacheka mpaka machozi, na ndani ya machozi hayo moyo wake uliruka: nyumba haikuvuka! Kisha akauona uso wa Joram, akanyamaza. Joram alikuwa akitazama juu ya kilima.

Ogweno naye aliliona hilo.

— Sikuzuii, kijana. Kenya ndiyo hiyo, hatua chache tu. Wenyeji wanampa fundi kiwanja bila maneno mengi. Bati unang'oa, miti unabeba. Mimi nitadai kodi ya huku ulikokaa, basi.

— Efrazia, akasema Joram, unasemaje?

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wake: Baki. Lakini alilimeza. Alijua kwamba mtu ukimfunga kwa kamba ya maneno yako, atakaa anaitafuna kamba hiyo maisha yake yote.

— Sikuchagulii nchi, Joram. Wazee wanangoja saa tisa.

Joram alilichukua shati lake, akalivaa hivyo hivyo bichi juu ya lile alilokuwa nalo, akalipita jiwe la saruji, akapotea upande wa pili wa kilima bila kugeuka.

Saa tisa ikaja, ikapita. Uani kwa Nyangwine wazee walikuwa wameketi, vibuyu vya uji mchachu wa wimbi vinazunguka. Mwalimu Simoni wa kanisa alikuwepo, na Mzee Machage, baba yake Joram, ambaye hakujua atazame wapi. Waisiko alikwisha kuisimulia habari mara kadhaa, na kila mara shati liliongezeka. Mara ya mwisho lilikuwa limefika ukubwa wa shuka.

Nyangwine peke yake hakucheka.

— Amekwenda wapi sasa?

— Kenya, tata, Efrazia akamjibu baba yake. Kenya yenyewe.

Alisema hivyo bila kulia. Aliingia jikoni, akashika mwiko, akakoroga sufuria lisilohitaji kukorogwa. "Bwana," akaomba, "kama hatarudi, nipe nguvu ya kumimina uji huu bila kumwaga tone."

Mbwa wakabweka.

— Shikamooni, wazee.

Efrazia alitoka na mwiko mkononi. Joram alikuwa amesimama langoni, vumbi mpaka magotini.

— Marahaba, akasema Nyangwine. Umetoka wapi?

— Ng'ambo, tata. Ng'ambo ya kweli.

— Umepata kiwanja?

— Nimepata. Kizuri, cha tambarare.

Waisiko akaona mambo yanaharibika, akaingilia.

— Kaka, usitucheleweshe! Ulisema binti havuki mpaka. Nyumba ya huyu iko Tanganyika, karani mwenyewe ameonyesha. Kwa hiyo havuki. Kwisha!

— Haijaisha, akasema Nyangwine. Huyu yuko huku kwa makosa. Aliyekaa mahali kwa makosa, siku akigundua huondoka, na leo amegundua. Mimi binti yangu simpi mtu aliyepotea njia akaangukia kwangu.

Akamgeukia Joram, na sauti yake ikashuka.

— Mura, kijana wangu, kodi huja mara moja kwa mwaka. Boke mimi namkumbuka kila siku.

Efrazia aliutazama mgongo wa baba yake, akaona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyopinda tangu mazishi.

— Tata, akasema Joram, niruhusu nieleze. Huko juu nilimkuta mzee mmoja anapalilia, jina lake Obonyo. Nikamsalimia, nikamwuliza habari za kodi za Kenya. Aliweka jembe chini, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniambia: "Mwanangu, unatoka Tanganyika? Ni kweli kwamba kule kodi ni ya adabu? Mimi nikishavuna nahamia huko!"

Uwanja ulipasuka. Mwalimu Simoni alimwaga uji kwenye magoti yake. Mzee Machage alifuta macho. Hata Nyangwine aligeukia ukuta akakohoa kwa muda mrefu, na hakuwa na kikohozi.

— Nikacheka, Joram akaendelea, na nikaona aibu. Kisha nikaenda kukaa kwenye kile kiwanja, peke yangu, nijaribu kuishi hapo kidogo. Hapa kwangu kijitoni, asubuhi nikipiga randa, namsikia Efrazia anaimba akiteka maji. Saa nyingine anakosea sauti...

— Sikosei! akasema Efrazia.

— ...anakosea, na mimi naacha randa mpaka apate sauti tena. Kule nilisikiliza, tata. Nilisikiliza sana. Nilisikia Kenya tu.

Efrazia aliuficha uso wake nyuma ya mwiko.

Nyangwine alirudi kutoka ukutani. Alimtazama kijana yule kwa muda, kama mtu anayemkagua fahali kabla ya kumpokea zizini.

— Hayo umemwambia binti yangu, na yamempendeza, namwona. Sasa yaseme kama mwanamume, wazee hawa wasikie.

Joram alivua kofia.

— Mbele ya Mungu na mbele yenu, kubaki Tanganyika nilibaki kwa makosa. Kukaa, ninakaa kwa kupenda. Kodi ya hapa nitalipa kabla karani hajavua viatu. Na siku yoyote Efrazia akitaka kuja kumwona baba yake, sitamwuliza anarudi lini.

— Amina, akasema Mwalimu Simoni, ambaye hakuwa ameombwa kitu.

Nyangwine alikichukua kibuyu chake mwenyewe, ambacho hakuna mtu mwingine aliyekinywea tangu mkewe afe, akampa Joram. Joram alikipokea kwa mikono miwili, akanywa. Mzee Machage akashusha pumzi iliyosikika mpaka zizini.

Vigelegele vya Waisiko vikaanza, vikakatika katikati.

— Ngojeni! Ngojeni kwanza! Wanaume wamesema, wazee wamekunywa, karani ameahidiwa kodi yake. Huyu mwenye mwiko nani amemwuliza? Efrazia, umesimama hapo kama jiwe la mpaka. Sema na wewe!

Watu wote wakamgeukia. Uso wake uliwaka moto. Aliusogelea mkeka wa wazee, akamtazama baba yake, akamtazama Joram mwenye shati lililokaukia mwilini, akasema kwa sauti ambayo hata wa ng'ambo ya kijito wangeisikia:

— Mbele ya Mungu, mbele ya baba yangu na mbele yenu nyote: mimi Efrazia binti Nyangwine nimemchagua Joram, sikuchagua nchi yake. Siku atakapoanza tena habari za Uganda nitagombana naye, na siku atakapoanza habari za Nyasaland nitagombana naye zaidi. Lakini ninaahidi, nitagombana naye nikiwa mke wake, ndani ya nyumba yake, mpaka Mungu atakapotutenganisha.