Nukta Nane Nyekundu

Duka la vipuri Jumamosi adhuhuri halina adabu. Watu husukumana kaunta kana kwamba kuna kitu kinagawiwa bure, kila mmoja kashika chuma chake kilichovunjika na kukiinua juu kionekane. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama, akimweleza muuza vipuri kwamba anataka pistoni za kuongeza mbio. Gari lenyewe lilikuwa kigari kidogo cha kubana mafuta, cha aina ambayo hata wenye nacho hukitaja kwa sauti ya chini.

Muuza vipuri alicheka mpaka akashika kaunta. "Taratibu," alisema, maana hilo ndilo jina kijana alilobandikwa mjini kwa sababu ya kigari chake, "marehemu mama yako alikinunua kwa kuwa hakinywi mafuta. Kiache kizeeke kwa heshima."

Watu wote wakacheka isipokuwa mmoja. Alikuwa mwanamke aliyesimama nyuma ya kijana, ovaroli ya buluu imefungwa kiunoni kwa mikono yake yenyewe, kitambaa cha njano kichwani, kucha fupi. Aliuliza ndani ya injini kutabadilishwa nini. Kijana akageuka, akajibu pistoni. Na nini tena? Pistoni tu.

"Basi andika na wosia kabisa," alisema yule mwanamke. "Ukiongeza nguvu na konrodi zinazoshika pistoni ni zilezile za kiwandani, siku moja mojawapo itatoboa injini itoke nje kukusalimia."

"Na wewe ni nani, dada?"

"Ni yule utakayemtafuta ikishatoboka."

Hivyo ndivyo walivyojuana. Laiti yule mwanamke angejua kwamba mzaha ule ungemrudia karibu neno kwa neno, angeumeza palepale kaunta. Lakini nani huujua mzaha wake utakavyoishia? Kijana alimfuata hadi nje, akaomba namba ya simu, akapewa ya karakana.

Karakana ilikuwa ya mjomba wa yule mwanamke, aliyemlea na kumfundisha kuchonga vyuma hadi wembamba wa unywele. Mwanamke mwenyewe walimwita Vipimo, kwa kuwa hakuyaamini macho, ya mtu mwingine wala yake mwenyewe. Alikuwa na desturi moja aliyoishika kama wengine wanavyoshika saa za kula. Kila konrodi hufungwa kwenye krenki, mhimili unaozunguka, kwa boliti mbili, na injini ya silinda nne ina boliti nane. Zote alizifunga kwanza kwa mkono, kisha akazikaza moja moja kwa spana ya kupimia mkazo, na kila aliyoikaza aliitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Kichupa chenyewe kilikaa mfukoni mwa ovaroli. Penye nukta, kazi imekwisha. Miaka tisa nukta zile hazikuwahi kumdanganya.

Taratibu alileta kigari Jumatatu. Alikuwa dereva wa kusambaza dawa kwenye maduka ya dawa, na kila akimaliza mzunguko alipitia karakana na shati lake jeupe, akakalishwa juu ya tairi kuukuu lililofunikwa gazeti. Alieleza bila aibu anachotaka. Mwisho wa mwezi kulikuwa na mashindano kwenye uwanja wa ndege wa zamani, barabara ndefu iliyonyooka yenye ukuta wa zege mwishoni, na alitaka kumshinda Kipara, mtu aliyembandika lile jina. Alitaka siku moja tu watu wakione kigari cha mama yake kikipita mbele. Vipimo alimsikiliza huku akipima, na kabla pistoni mpya hazijafika alikuwa ameshampenda, tena vibaya.

Walipokuwa mbalimbali walipigiana simu.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Yuko mezani, kifua wazi. Wewe umekula?"

"Nitakulaje, na wapenzi wangu wote wawili wako karakana moja?"

"Chagua mmoja."

"Nitachagua yule asiyemwaga oili."

"Basi imekula kwako. Mimi leo nimejimwagia mpaka viatuni."

Siku ya kuifunga injini ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa imepinduliwa juu ya stendi, krenki iking'aa, konrodi mpya nene zimepangwa nne, na Taratibu alikuwa amefika mapema kuliko kawaida, kajipulizia manukato. Hakutulia. Mara aliuliza saa, mara alisema jioni ile kuna mahali anataka kumpeleka, naye asiulize wapi. Vipimo akacheka, akamwambia injini haiharakishwi kwa manukato. Akakaza, akapaka, akakaza, akapaka. Katikati ya kazi mjomba akamwita mlangoni mwa ofisi, kuna mteja na swali lake refu. Aliweka spana na kichupa juu ya kitambaa, akaenda.

Aliporudi alimkuta Taratibu kainamia injini, simu mkononi, anatabasamu peke yake. Alihesabu nukta. Zilikuwa nane. Kitu kidogo kilimwasha nyuma ya shingo, kama mtu aliyetoka nyumbani akasahau jambo asilolijua, lakini kijana alikuwa anamtazama kwa macho yale, na yeye alikuwa na furaha. Akafunga bakuli la oili la chini ya injini. Kazi ikawa imekwisha.

Mchana injini ilirudishwa garini, na Taratibu akaenda dukani kununua oili. Aliporudi uso ulikuwa mwingine. Muuza vipuri, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa, alikuwa amemwambia kitu.

"Injini ya Kipara umeijenga wewe?"

Sheria ya mjomba ilikuwa moja: injini ya mteja haizungumzwi mbele ya mteja mwingine. Vipimo aliifuta mikono polepole, akasema siwezi kukujibu.

"Mimi ni mteja kwako?"

"Ungeniuliza wewe ni nani kwangu, ningekujibu. Umeniuliza injini ya mtu."

Taratibu alimwaga oili mwenyewe, akawasha gari, akaondoka. Manukato yake yalibaki pale karakana mpaka jioni, na jioni hiyo hakuna aliyepelekwa popote. Vipimo alipiga simu mara mbili Ijumaa. Haikupokelewa. Jumamosi hakupiga, kiburi kilimshika, na usiku hakupata usingizi.

Jumapili asubuhi alikuwa uani anafua ovaroli, kichupa amekihamishia mfukoni mwa gauni, simu ilipolia mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha. Injini iliyopinduliwa, krenki inang'aa, na chini yake maneno: "Tazama tulivyokuwa. Leo namshinda Kipara wako." Alilia kwanza. Alilia kwa uchungu wa kweli, mikono ina povu, kwa sababu alimpenda na alionekana msaliti. Kisha, kwa tabia tu ya kazi, akaikuza picha na kuhesabu nukta. Nane.

Nyuma ya injini, mbali, penye mlango wa ofisi, alisimama mwanamke wa kitambaa cha njano aliyeipa kamera mgongo. Ni yeye, alipoitwa na mjomba. Na alipoitwa na mjomba alikuwa amekaza boliti sita.

Ovaroli ilimponyoka ikaanguka majini. Alipiga simu, ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa. Alijua Taratibu anavyofikiri huko aliko: huyu anapiga kunibembeleza kwa niaba ya Kipara. Alitoka barabarani na kandambili, akasimamisha pikipiki ya kwanza, akamwambia dereva uwanja wa zamani, na usinionee huruma. Njia nzima aliona konrodi ya nne tu, boliti zake mbili zimefungwa kwa nguvu za vidole, na lile gari likipanda mwendo kuelekea ule ukuta.

Alizisikia injini kabla hajauona uwanja. Ya Kipara aliitambua, ilinguruma vizuri. Ya kigari aliitambua pia. Chini ya mngurumo wake kulikuwa na mlio mdogo wa chuma kugonga, ko, ko, ko, mdogo kiasi kwamba watu mia mbili waliojipanga pale hawakuusikia. Magari yalikuwa yameshasogezwa mstarini na mwenye bendera ameinua mkono. Vipimo alipita chini ya kamba, kandambili moja ikabaki, akakimbia na kusimama mbele ya kigari, viganja vyote viwili juu ya boneti.

Watu walipiga miluzi. Taratibu akatoa kichwa dirishani, macho mekundu.

"Kipara amekutuma?"

"Zima gari."

"Toka mbele, Vipimo."

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alimwita "fundi wangu". Jina lile lilimchoma, lakini hakutoka.

"Nitatoka ukinijibu. Alhamisi, nilipoitwa na mjomba, ulizipaka boliti rangi?"

Taratibu alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Zilikuwa zimebaki mbili. Nilikumalizia, ili utoke mapema."

"Sikuwa nimezikaza."

Bado hakuelewa. Alimtazama yeye, akautazama mkono wa mwenye bendera, kisha katika ule ukimya wa watu waliotaka kusikia ugomvi, naye akausikia: ko, ko, ko. Rangi ilimtoka usoni. Akazungusha ufunguo, injini ikazima.

Kipara alishuka kwenye gari lake, mtu mnene wa shati la maua, na kila mmoja akangoja dhihaka. Akauliza kuna nini. Akaambiwa. Alikwenda nyuma ya gari lake akaleta jeki na spana, akaleta na turubai la kulalia. Vipimo alijilaza chini ya kigari. Oili ilitoka ina vumbi la fedha linalometameta, vumbi la chuma kinachojila. Alipofungua bakuli alipenyeza mkono hadi konrodi ya nne, na boliti yenye nukta nyekundu ikazunguka kwa vidole viwili, bila spana. Akaifungua, akatoka, akaiweka kiganjani mwa Taratibu.

Aliitazama boliti. Kisha akaitazama barabara yote, mpaka kule kwenye ukuta, akaketi chini na shati lake jeupe.

"Ni mimi niliyekaribia kujiua," alisema.

"Ni sisi wawili. Wewe ulipaka, mimi nikahesabu rangi badala ya kushika boliti. Miaka tisa sijawahi. Nilikuwa nakutazama wewe." Akaanza kulia. Alikuwa ameogopa tangu uani, na sasa tu ndipo uoga ulipopata nafasi ya kutoka.

Kipara alikohoa, akainama karibu, akauliza kwa sauti ya chini kama na zake zilipakwa na mtu mwingine.

"Zako nilizipaka mwenyewe," alisema Vipimo, akijifuta machozi kwa kiwiko. "Wewe hukuwa na haraka na mimi."

Watu walianza kutawanyika. Mashindano yaliendelea na magari mengine, na kigari kikabaki juu ya jeki, kinadondosha matone ya mwisho. Jina la Taratibu lingebaki vilevile, na krenki ile ilikuwa imekwisha. Vipimo alimuuliza jioni ya Alhamisi walikuwa waende wapi.

"Kwa dada yangu mkubwa. Alikuwa ametuandalia. Nilimwambia namleta mtu wa kumtambulisha, na nilitaka nikuulize njiani, ili tukifika niwe na la kumwambia." Alifunga boliti ndani ya ngumi. "Swali bado ninalo. Ila sasa naona aibu kuliuliza."

"Uliza."

"Utanioa—" akajikwaa, akacheka huku akilia. "Nikuoe, fundi wangu? Utakubali?"

Vipimo aliingiza mkono mfukoni akatoa kichupa. Alikamata mkono wa kushoto wa Taratibu, akakifuta kidole chake cha mwisho kwa pembe ya kitambaa cha njano hadi oili ikatoka yote, akaukagua ukucha kwenye jua, upande huu na upande ule, bila haraka. Kisha akatia nukta moja nyekundu. Ilitoka imepinda, akaiacha hivyohivyo.

"Hii nimeipaka mwenyewe," alisema. "Usiiguse mpaka ikauke."